Bwana Harusi Yuko Angani

"Hakupanda ndege, mzee. Matano amebadilisha nia."

Anwar aliyasema hayo mlangoni mwa chumba cha bibi harusi, kanzu nyeupe pe, macho chini, kajitia huruma. Mzee Mwachiti, babake Nadira, akashika fremu ya mlango. Nje, hapo Mtongwe, watu walikwishatoka swala ya Ijumaa, biriani imepakuliwa, na sheikh yuko mkekani angoja kufunga nikahi.

Matano alikuwa New Zealand, mchinjaji wa halali kwenye kiwanda cha nyama. Ndege yake, ya kutoka Auckland kupitia Doha, iliahirishwa siku nzima, mzee akakataa kusogeza harusi, basi Matano akamfanya binamu yake Anwar wakili, amkubalie nikahi kwa niaba yake. Kumbe fisi ndiye aliyeachiwa bucha!

"Amekwambia lini?" Nadira akauliza.

"Leo, saa mbili asubuhi. Kanipigia mwenyewe, yuko kwake huko, wallahi! Ati hayuko tayari. Lakini mzee, aibu hii isikufike. Mimi nipo. Nitamsitiri Nadira leo leo."

Mzee akashusha pumzi, akatazama watu uani, akamtazama tena Anwar. Nadira akaona babake anaanza kulegea. Akinyamaza, ataozwa mtu asiyemtaka.

"Baba, sikiza hii kwanza."

Akafungulia sauti iliyoingia simuni mwake alfajiri: "Nadira, nimeshakaa kitini. Mlango umefungwa, nazima simu. Niombee dua, mpenzi."

"Huenda aliteremka baadaye," Anwar akadakia.

"Shangazi," Nadira akageuka, "kutoka Auckland hadi Doha ni mbali gani?"

Shangazi Mwanatatu alikuwa keshaitafuta kwa simu yake.

"Kilomita elfu kumi na nne na ushei. Saa kumi na saba hewani, bila kutua popote!" Akampima Anwar kutoka juu hadi chini. "Hata sasa yungali juu. Hiyo saa mbili aliteremka wapi, mwanangu? Majini?"

Wanawake wakaguna.

"Umeapa kwa Mungu mlangoni mwangu," mzee akasema.

"Nampenda, mzee. Tangu zamani nampenda. Nisamehe. Tafuteni wakili mwingine."

"Mwingine atafanywa wakili na nani, na mwenyewe simu kaizima?" Nadira akasimama. "Matano alikuamini wewe. Si wataka kunisitiri? Basi nisitiri. Nenda kanikubali kwa jina lake."

"Nadira, usinitende hivyo."

"Nenda, Anwar."

Mzee akamshika mkono mpaka mkekani. Nadira alijibanza nyuma ya pazia, roho mkononi, maana neno moja la ukaidi la Anwar lingetosha kuvunja kila kitu.

"Nimemuoza Matano, unayemwakilisha, binti yangu Nadira, kwa mahari waliyoagana."

Anwar akakwama. Sheikh akamsubiri.

"Nime..." Akatazama pazia. "Nimeikubali nikahi yake kwa ajili ya Matano."

Vigelegele vikapasua nyumba. Nadira akilia na kucheka kwa pamoja, akaandika ujumbe kwa simu iliyozimwa huko juu ya mawingu:

"Ulipanda kapera. Ukishuka, shuka kama mume wa mtu."