Mrija Wangu Peke Yangu

Nina miaka arobaini na sita, nina shahada, na watu huniita msomi. Wasomaji wenzangu, msomi huyu aliwahi kunywa pombe ya kumuaga kaka yake, huku akisogeza vizibo vya soda kwenye ubao wa drafti... Nikikumbuka, natamani kutema mate.

Nilikuwa mwanachuo wa ualimu Biharamulo. Nilijipangia ratiba kwa wino mwekundu: masomo mchana, drafti saa moja tu jioni. Nikaibandika ukutani. Jioni ikaanza kuingia mapema, kwanza saa tisa, kisha saa saba, kisha nikasahau darasa liko upande gani.

Na nani alinisomesha? Kaka yangu Petro. Aliacha shule darasa la nne, akabaki na mama shambani Murukulazo, ili mimi niendelee. Vita ilipoanza mpakani, yeye alichukuliwa kutoka mgambo. Mimi nikabaki na vitabu. Vitabu gani?

Siku moja jirani yetu alishuka kwenye basi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alinieleza kuwa kesho yake malori ya askari yangepita, na Petro angekuwamo. Mama alikuwa ameagiza tunywe wawili, kwa mrija mmoja. Kwetu mgeni hupewa mrija wake. Ndugu hunywa kwa mmoja. Mama hakuweza kuja. Kibuyu kile ndicho kilikuwa kumbatio lake.

Malori yalifika saa nane mchana, yakasimama karibu na soko. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la ushirika, kibuyu kati ya miguu, nikicheza na Kalisti, fundi baiskeli. Nilimwona Petro kwa macho yangu akishuka na kuangaza huku na huku. Nikainuka nusu.

"Mwalimu, ukiinuka umekimbia," Kalisti akasema, na watazamaji wakacheka.

"Namalizia hii. Lori haliondoki kimyakimya."

Nikafungwa. Nikataka kulipiza. Jua likachoma, koo likakauka... nikazibua kibuyu. Nikafyonza kidogo. Kalisti akafyonza. Watazamaji wakafyonza. Kwa mrija uleule!

Na kweli lori halikuondoka kimyakimya. Nililisikia likinguruma. Nilikuwa nimebakiwa na kete moja tu, kingi, nikainamisha kichwa kuilinda.

Petro alirudi mzima, ila sikio moja halisikii. Siku ya kumpokea, mama alitenga rubisi, na mrija ukazunguka kwa ndugu wote. Nikamsogelea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akauchomoa mrija, akaufuta, akauweka upande wake. Kisha akanipa mwingine, mpya.

"Tumia huu, mwalimu," alisema kwa upole. "Siku ile nilikuona. Nikadhani unakuja."

Mama alitazama chini.

Siku hizi wanangu wako chuoni. Wana michezo yao ya kwenye televisheni, na ratiba nzuri ukutani. "Namalizia hii, baba," huniambia, na mimi husikia lori.

Ndugu msomaji, cheza, sikukatazi. Lakini ukisikia mdomo wako unasema "namalizia hii", inuka. Acha kete zako ziliwe, acha wakucheke.

Kila Krismasi naenda Murukulazo. Petro hunikaribisha vizuri, hunipa kiti kizuri. Na kila Krismasi naukuta mrija wangu umewekwa pembeni, safi, haujaguswa na mtu.