Macho ya Chiriku

Baba Chiriku ni fundi cherehani. Mkasi wake haazimi mtu, hata mkewe. Anasema mkasi ukikata kila kitu, unakuwa butu.

Binti yake wanamwita Chiriku kwa sababu akiamka tu, anaanza kuongea. Tangu kuzaliwa haoni vizuri. Darasani hakuona ubao, na kitabu alikisoma pua ikigusa karatasi. Jioni kichwa kilimuuma.

Baba yake akaingiwa na hofu. Kwake macho yalikuwa kama mkasi: ukiyatumia sana, yanaisha. Basi akamtoa shule ili amtunzie uoni mdogo uliobaki. Akamkalisha karibu na cherehani, kazi yake kupanga vifungo. Alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini mapenzi nayo hukosea njia.

Chiriku akanyamaza. Mama yake aliona nyumba imepooza. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo akajifunga kanga, akaenda shuleni kuuliza kama kuna msaada.

Kumbe upo. Kulikuwa na mwalimu, mama wa makamo, anayezunguka shule kwa shule kuwasaidia wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Alikuja nyumbani, akavuta kigoda, akamsikiliza fundi mpaka mwisho.

"Kaka yangu," akasema, "mkasi huisha makali kwa kukata. Macho hayaishi kwa kusoma. Yanachoka tu, na yakipumzika yanarudi."

"Una hakika, mwalimu? Mwanangu akipofuka, nitajilaumu mpaka kaburini."

"Usiniamini mimi peke yangu. Twendeni kwa daktari wa macho."

Walikwenda. Daktari alimpima Chiriku, akasema yale yale. Akampa lenzi ya kukuzia maandishi.

Chiriku akarudi shule. Mwalimu yule alimkalisha mbele, mwanga wa dirisha ukitoka nyuma yake. Alimwandikia kwa herufi kubwa, kwa kalamu nyeusi nene. Aliwaomba walimu wenzake wasome kwa sauti kila wanachoandika ubaoni. Pia alianza kumfundisha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, ili macho yakichoka masomo yasisimame.

Fundi alimshonea mwalimu gauni zuri kwa furaha. Mwalimu alilipokea, akacheka. Akasema kusoma ni haki ya mtoto, si hisani, na kama ni shukrani, apewe kwanza mama aliyekwenda kuuliza. Fundi akamgeukia mkewe.

"Ahsante, mama Chiriku," akasema. "Mimi nilikuwa nampoteza mtoto huku nikidhani namtunza."

Jioni moja Chiriku alikaa na lenzi yake, akawasomea wazazi hadithi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Baba yake alisimamisha cherehani. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Hofu ya mzazi haiishi mara moja, kwa hiyo akauliza:

"Macho yanauma, mwanangu?"

"Hayaumi, baba. Yanataka kitabu kingine."