Vilango vya Kanisa la Kilmorran

Haya yalimpata rafiki yangu Ishbel, na hata leo akiyasimulia hushusha sauti. Kanisa la Kipresbiteri la Kilmorran, lenye umri wa miaka mia mbili na ushei, lilikuwa linauzwa, naye alikuwa akiandika historia yake. Alasiri moja ya Desemba alikwenda kunakili majina yaliyochongwa kwenye mabenchi.

"Fanya hima, mwanangu," alisema Dolina, mtunza funguo, akimpa tochi. "Umeme wameshakata."

"Kwani wafu watanila, shangazi?"

"Wafu hawana neno. Ngazi ndiyo itakuvunja shingo."

Ishbel alijifungia ndani peke yake. Kila benchi lilizungushiwa mbao na kuwekewa kilango. Alikaa la nyuma, akaandika mpaka giza likatanda. Ndipo akasikia, huko mbele kabisa, kilango kikifunguka na kufungwa taratibu. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.

"Shangazi? Acha utani!"

Vilango viliendelea kulia, safu baada ya safu, kama watu wanaoingia ibadani, vikimkaribia. Alijibanza kwenye kona ya benchi. Mara kilango chake kikafunguka, kikafungwa, na ubavuni pake mto wa benchi ukabonyea polepole.