Breki Aliyoing'oa Fundi

Kwanza ilikuwa feni ya kompyuta. Ilivuma saa nne asubuhi, kompyuta ikiwa haina kazi yoyote, na chumba kikanuka plastiki ya moto. Kisha Fundi akasikia ndala za mama yake: mlango wa jikoni, mlango wa bafu, mlango wa stoo, halafu mbio kurudi chumbani na kuanza upya.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sijapata," mama alijibu, kwa sauti isiyo yake.

Fundi, jina walilompa kazini likamganda, alikuwa akifanyia kazi injini ya JavaScript, programu inayoendesha kurasa za mtandao, sehemu ile inayosaka ruwaza, yaani mpangilio fulani wa herufi, ndani ya maandishi. Ilikuwa sehemu kongwe na kaidi: ilijaribu njia moja, ikikwama ikarudi nyuma, ikajaribu nyingine. Kwa ruwaza mbaya, kila herufi iliyoongezeka ilizidisha safari maradufu. Ndiyo maana iliwekewa ukomo, hatua elfu hamsini, basi. Jana, ili vipimo vyake vya kasi vipendeze, Fundi aliung'oa ukomo huo. Alijisifu mpaka akaimba.

Alizima kompyuta. Feni ikaendelea kuvuma.

Akampigia simu aliyeuweka ukomo ule, mwenzake mkongwe wa kazini waliyemwita Bwana Breki.

"Umeung'oa?" mzee alinong'ona alipoelezwa yote. "Dada, mle ndani kuna jini. Anaishi kwenye kule kurudi nyuma. Ukimwondolea ukomo anatoka, anatafuta miguu ya mtu. Mke wangu alipandwa naye siku tatu."

"Si naurudisha tu?"

"Akishatoka humshiki. Andika njia isiyorudi nyuma kabisa, akose chakula. Na fanya haraka, mama yako ana presha."

Aliwasha kompyuta akaandika njia ya kwenda mbele tu, ikibeba uwezekano wote kwa pamoja, herufi kwa herufi. Aliandika huku ndala zikipita nyuma ya kiti chake, kila mzunguko mrefu kuliko uliotangulia, kwa sababu sasa mama aligusa hata makabati, hata madirisha, hata shingo ya Fundi mwenyewe kwa vidole vya baridi, kisha akarudi mwanzo na kuanza tena, mpaka ndala zikakatika na nyayo zake zikaacha damu sakafuni, na ile harufu ya plastiki ikawa inatoka kwenye nywele zake. Fundi aliogopa, lakini hasira ilizidi hofu. Mama huyu, aliyemlea peke yake, aburuzwe na kitu cha kwenye programu? Thubutu!

Saa nane mchana alijaribu ruwaza mbaya kuliko zote. Ikaisha kufumba na kufumbua. Nyayo zikasimama mlangoni.

"Huwezi kunifuta," sauti ilisema kinywani mwa mama. "Zipo ruwaza zinazotaka kukumbuka zilichokamata mwanzo. Njia yako haiziwezi. Bila mimi kurasa za watu zitavunjika."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi.

"Sikufuti. Utafanya hizo tu. Ingia ndani, ukomo nimeurudisha."

"Hatua ngapi?"

"Elfu hamsini zilikuwa nyingi. Elfu kumi."

"Hiyo ni dharau!"

"Ndiyo, ni dharau. Ingia, au kaa hapo ufe njaa."

Feni ikanguruma. Mama akaanguka kwenye kochi akilia kwamba miguu inamuuma, kwa sauti yake mwenyewe, na Fundi akapiga magoti akaikumbatia miguu hiyo, naye akilia bila aibu.

Alipoinua kichwa, maneno yalikuwa yakijiandika kwenye skrini: *Nitatoka. Nitamchukua mama yako, nitakuchukua wewe, nitawachukua wote ml*

Hatua ya elfu kumi. Programu ikamkata.

Maneno yakaanza tena tangu mwanzo. Yakakatwa palepale.

"Endelea tu," Fundi alimwambia, akaenda kuchemsha maji ya kumkandia mama.