Shakwe Kichwa-Cheusi na Sahihi ya Sita

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, ulimi huu ukauke kabla sijamaliza.

"Usinisogelee," Katibu alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Weka darubini hapo, kisha ukakae kule."

"Kule wapi?"

"Kokote ambako sikusikii ukipumua."

Fundi Saa akaisimamisha darubini yake ya miguu mitatu juu ya tuta la bwawa la majitaka, akarudi nyuma hatua nne. Alikuja kwa meseji moja tu, aliyoisoma mara ishirini kibandani mwake, amezungukwa na saa zilizosimama: *Darubini kubwa unayo wewe peke yako. Ndiyo maana nakuita. Hakuna maana nyingine.*

Mwaka mmoja nyuma walikuwa wachumba. Katibu wa chama cha watazama ndege alikuwa amemtafuta shakwe kichwa-cheusi miaka saba bila kumwona. Siku moja Fundi akampigia simu: "Mpenzi, nimemwona, kwa macho yangu!" Uongo mtupu. Katibu akaandika, akatangaza, wageni wakaja toka mbali na makamera yao, wakaambulia mabata na harufu. Fundi akazidi kuapa kwamba alimwona. Jioni ile ile akarudishiwa pete.

"Kama unaweza kunidanganya kuhusu ndege," Katibu alimwambia, "kuhusu mwanamke itakuwaje?"

Sasa tetesi zilikuwa zimeenea kwamba shakwe yule ametua kweli. Wanachama sita wakapanga mstari kwenye tuta asubuhi na mapema. Majini, mabata elfu tatu.

"Ndiye!" Shangazi yake Katibu akapiga yowe. "Yule pale kwenye bomba! Kichwa cheusi tii!"

Watu wakakumbatiana. Katibu akachungulia kwenye darubini, machozi yakimlenga.

Sheria ya chama ni moja: ndege adimu haingii daftarini mpaka kila aliyekuwepo atie sahihi. Daftari likazunguka mbiombio. Sahihi tano zikapatikana. Ya sita ilikuwa ya Fundi Saa.

Mwenyekiti, mtu mmoja mtanashati sana, mwenye busara za pekee, akamvuta pembeni.

"Bwana mdogo, bahati imekudondokea miguuni. Ndege yupo! Sasa hata yale ya mwaka jana watu wataamini. Tia sahihi uchukue mke."

"Ngoja nitazame kwanza."

"Utazame nini? Hebu ona mwenzio anavyokutazama!"

Kweli, Katibu alikuwa anamtazama, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Fundi akainamisha kichwa, akaweka kwenye darubini jicho lile lile analotazamia meno ya visaa vya mkononi. Akakaa hapo mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Siyo yeye," akasema.

"Unasemaje?"

"Weusi wa kushoto umeshuka hadi shingoni, wa kulia umeishia jichoni. Manyoya hayaoti hivyo. Ni shakwe wa kawaida, kachovya kichwa kwenye oili."

Shangazi akaja juu. "We mtoto una wazimu? Mwaka jana ulimwona asiyekuwepo, leo yupo humwoni?"

"Mwaka jana nilidanganya, shangazi. Sikuona kitu."

Katibu akamsogeza Fundi kwa kiwiko, akachungulia. Akachungulia tena. Kisha akachukua kalamu, akakata sahihi zote tano, akianza na yake.

"Mwaka jana ulidanganya kwa nini?" akauliza wenzao walipoanza kufungasha.

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi siku nne. Ya tano wageni wakafika."

"Na leo nimekuharibia."

"Tena vibaya. Nanuka, nina njaa, na ndege sina." Akafunga daftari. "Lakini nimekuamini. Simama hapa, jua linanipiga."

Fundi akasimama, akamzibia jua.

"Pete iko wapi?"

"Kibandani, kwenye droo ya vioo."

"Kesho naifuata. Usiniletee, nakuja mwenyewe."

Wakaoana. Mimi nikaiandika hadithi nzima kwenye kundi la chama, nikasubiri pongezi. Wa kwanza kunijibu ni bibi harusi:

"Mzee, aliyepiga yowe la 'Ndiye!' ni shangazi?"

"Mimi?" Shangazi akadakia. "Nilikuwa bado nakunywa chai! Na huyo mwenyekiti mtanashati mwenye busara si wewe mwenyewe?"

"Halafu mabata walikuwa mia mbili kumi na wanne," akamalizia bwana harusi. "Daftari ninalo hapa."

Basi, yowe lile lilikuwa langu. Kwenye chama chetu, anayemtangaza ndege asiyekuwepo huosha mabuti ya wote. Nimeshaosha jozi nne. Imebaki ya shangazi, na mwenyewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananionyesha madoa kwa kidole.