Nyumba ya Tatu na Nusu

Tainá hakuwa na kitanda chake mwenyewe. Hakuwa na buti za mvua, wala baiskeli, wala rafiki wa kumwalika nyumbani, kwa sababu hata hapo nyumbani hapakuwa pake. Yeye na mama yake, Jussara, walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Rosemont, Montreal, na mwenye chumba angerudi mwisho wa Juni. Baba naye hakuwepo. Alibaki Brazil, katika mji wa Recife, akisubiri kibali cha kuwafuata. Kitu kimoja tu Tainá alikuwa nacho tele, naye alijua kwamba anacho: ulimi. Mwaka wa shule haujaisha, darasa la wageni lilikuwa limemfundisha Kifaransa cha kununulia mkate, cha kuombea radhi na cha kubishania.

Kwa hiyo kila alipotoka shule, kazi yake ilikuwa ileile. Mama alikaa upande mmoja wa meza akiandika maombi ya kazi. Alikuwa stadi wa kutengeneza programu za kompyuta, na kibali cha kufanya kazi alikuwa nacho. Kiingereza alikimudu, ila Kifaransa kilikataa kumwingia. Tainá alikaa upande wa pili akimsomea matangazo ya nyumba, huku maharage meusi yakichemka jikoni.

Jumatano moja Mama aliweka simu mezani taratibu.

"Wamenikubali," alisema. "Ni kampuni inayotengeneza programu za hospitali. Mkataba wa miezi mitatu, nifanyie kazi nyumbani."

"Mbona hufurahi?"

"Kuna sharti. Majina ya wagonjwa yatapita kwenye kompyuta yangu. Bosi, Bwana Pelchat, anataka niwe na chumba chenye mlango unaofungwa, nikifanya kazi asiingie mtu. Ijumaa nimwambie nitakaa wapi. La sivyo kazi anapewa mwingine."

"Ijumaa hii?"

"Kwani umeiona nyingine?"

Katika mji huu karibu mikataba yote ya nyumba huisha siku moja, na Julai mosi nusu ya watu huonekana barabarani wamebeba magodoro. Ikifika katikati ya Juni, nyumba nzuri zimekwisha. Tainá aliperuzi mpaka macho yakamuuma. Mwishowe akasoma kwa sauti: "Tatu na nusu, ina samani, Julai hadi Septemba."

"Tatu na nusu nini?" Mama aliuliza.

"Vyumba vya kulala," Tainá alijibu haraka, maana kwao Recife nyumba huhesabiwa hivyo. "Vitatu na nusu."

"Na hiyo nusu ni nini?"

Tainá hakujua. Lakini mtu akishazoea kuwa mdomo wa nyumba, kusema hajui humkwama kooni.

"Ni kama stoo hivi," alisema.

Kesho yake nusu ile ilimsumbua shuleni kutwa nzima. Aliichora pembeni mwa daftari: chumba chenye kuta mbili, chumba kilichokatwa kama keki. Wakati wa mapumziko alimwuliza Otabek, mvulana kutoka Tashkent aliyekaa naye dawati moja.

"Labda dari yake iko chini," Otabek alisema. "Watu wanaingia kwa magoti. Wewe hata hutainama."

"Au nusu ni yetu, nusu ni ya jirani."

"Basi mwombeni jirani asikorome." Otabek alitafuna tufaha lake. "Si umwulize mwalimu?"

"Mimi? Ataona kumbe sijui."

"Kwani unajua?"

Tainá alimgeuzia mgongo.

Ijumaa, baada ya shule, yeye na Mama walipanda ngazi za nje hadi ghorofa ya pili. Aliyewafungulia ni Madam Ghislaine, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Yeye ndiye aliyepanga nyumba ile. Binti yake aliyeishi Gaspé alikuwa amejifungua, naye alikuwa anakwenda kumsaidia hadi mwisho wa Septemba. Hakujua lugha yoyote ila Kifaransa.

"Karibuni. Hapa jikoni. Hapa sebuleni. Na hiki chumba changu cha kulala, kina dirisha la uani." Kisha akasukuma mlango mdogo, na Tainá akaona beseni la kuogea na choo. "Na hii ndiyo nusu yenyewe. Ndogo, lakini maji yake yana nguvu."

Masikio ya Tainá yalipata moto. Kumbe jiko lilihesabiwa, sebule ilihesabiwa, na nusu ilikuwa bafu.

"Pazuri," Mama alisema kwa Kireno, akitazama huku na huku. "Hebu mwulize, vile vyumba viwili vingine viko wapi?"

Madam Ghislaine alisubiri, akitabasamu.

"Mama anasema pazuri," Tainá alimwambia kwa Kifaransa. Kisha akamgeukia mama yake. "Anasema ameweka vitu vyake humo, amevifunga. Atavifungua akiondoka."

Mama alishusha pumzi ndefu. Alitoka kwenye roshani akampigia simu Bwana Pelchat, akamweleza kwa Kiingereza kwamba nyumba imepatikana, vyumba viko vitatu, kimoja cha kazi tu. Tainá alimsikia akicheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu Recife.

Mama aliporudi, Madam Ghislaine alikuwa amekata pai ya sukari na kuchukua kalamu.

"Mbona huli, kipenzi? Umekuwa mweupe kama sahani," alimwambia Tainá. "Haya, mfasirie mama. Sheria inataka nimwandikie mwenye jengo nani atakaa hapa badala yangu. Nitaandika jina lake na kazi yake, na kwamba ameiona nyumba yote, chumba kwa chumba. Aweke sahihi hapa chini."

Tainá aliutazama mkono wa mama yake, uliokwisha kunyooshwa kupokea kalamu.

"Mama, usitie sahihi," alisema. "Hakuna vyumba vingine."

"Si amesema amevifunga?"

"Hajasema. Sikumwuliza."

"Na ile nusu?"

"Ni choo."

Mama aliirudisha kalamu mezani. Madam Ghislaine alipouliza kuna nini, Tainá alimweleza yote mwenyewe, kwa Kifaransa, bila kuruka kitu. Bibi yule alicheka mpaka vikombe vikagongana.

"Stoo? Mngeoga wapi, kwa jirani?"

Mama hakucheka. Alirudi kwenye roshani na simu yake. Kupitia kioo Tainá alimwona akisema, akinyamaza, akitikisa kichwa, akisema tena. Mazungumzo yale yalikuwa marefu kuliko ya kwanza. Alipoingia alivuta kiti, akakaa karibu na binti yake.

"Ameniuliza kama nyumba ina mlango hata mmoja unaofungwa. Nimemwambia upo, wa chumba cha kulala. Amesema huo unatosha, hakuwa anahesabu vyumba. Lakini amesema pia kwamba angekuja kukagua na kuvikosa vyumba nilivyomtajia, kazi ingekwisha siku hiyohiyo."

"Tutalala wapi?"

"Sebuleni."

Tainá alimfasiria Madam Ghislaine. "Kochi linakunjuka," bibi alisema. "Shemeji yangu hulilalia, na yule ni tembo."

"Nisikilize," Mama alisema. "Sikukasirikii kwa kutojua nusu ni nini, hata mimi sikujua. Lakini ukinifasiria, wewe ndiye masikio yangu katika mji huu. Usiposikia, sema hujasikia, tuulize tena. Ukinitungia maneno, nitatembea humu kama kiziwi asiyejua kwamba ni kiziwi."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Madam Ghislaine aliandika. Tainá alimsomea mama yake barua ile sentensi moja baada ya nyingine, kisha akasimamisha kidole katikati ya mstari.

"Neno hili silijui," alisema. "Madam, maana yake nini?"

"Ni mtu anayekaa katika nyumba iliyopangwa na mwenzake. Ni nyinyi."

Tainá alifasiri, na Mama akatia sahihi. Bahasha ililambwa na kubanwa kwa kiganja. Wakateremka ngazi wote watatu hadi dirisha la posta, ndani ya duka la dawa la pembeni, na karani akaibandika namba ya rejista, akaitupa katika gunia la barua za jioni.