Daktari wa Kusubiri

Siku ya gulio Omurushaka mtu hapiti bila kukanyagwa. Malori ya maharage yanarudi kinyumenyume mpaka kwenye vibaraza vya maduka, wapiga debe wa mabasi ya Bukoba wanamgombania mtu ambaye hata hasafiri, na pikipiki zinapita katikati ya watu kana kwamba watu ndio waliokosea njia. Ndani ya vurugu hiyo iko steshenari ya Projest, ina mashine ya kutolea kopi, kompyuta mbili na benchi moja refu. Kwenye benchi hilo ndipo Kembabazi alipomkuta Dastan. Laiti umeme ungekuwepo siku ile, angefanya lililompeleka akaondoka zake.

Umeme haukuwepo.

Kembabazi alitoka Kaisho asubuhi, amevaa sketi ya shule iliyoshushwa upindo na blauzi ya kwendea kanisani, nywele bado fupi za kidato cha sita. Alikuja kutuma maombi ya chuo. Baba yake, mzee Byarugaba, ni mfugaji, na tangu akiwa mdogo Kembabazi ndiye aliyekaa na ndama wagonjwa. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo na hakutaka kingine.

Dastan alikuwa amevaa suruali nyeusi ya kubana, viatu vilivyochongoka mbele, na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukukata. Pembeni yake aliweka jozi ya gambuti za kijani, mpya, bado zina karatasi ndani. Alitembea nazo kila mahali, kama wengine wanavyotembea na miwani ya jua. Zilikuwa hazijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe hata siku moja.

"Unaomba nini, dada?" akamwuliza.

"Udaktari wa mifugo."

"Usinitanie."

"Nikutanie kwa lipi? Hata sikujui."

"Kwa sababu na mimi niko huko huko. Muulize Projest. Nasubiri majibu."

Waendesha bodaboda waliokuwa mlangoni wakamthibitishia kwamba huyo ndiye Dokta, na mmoja akaomba ushauri wa mbuzi wake anayeharisha. Dastan akamjibu kwa maneno marefu ambayo mwenye mbuzi hakuyaelewa hata moja, na ndiyo maana akashukuru sana. Hapo Kembabazi angeuliza swali dogo tu, kwamba unasubiri tangu lini. Hakuuliza. Alikuwa anaangalia meno ya Dastan.

Umeme uliporudi akakaa kwenye kompyuta, akajaza, akatuma. Kioo kikaandika kwamba ombi lako limepokelewa, subiri majibu. Dastan alikuwa ameinama nyuma ya bega lake, ananukia sabuni nzuri.

"Maneno hayo nimeyazoea," akasema. "Ukishayazoea yanakuwa matamu."

"Wewe umeyasoma mara ngapi?"

"Za kutosha kukufundisha kusubiri. Nipe namba yako."

Akampa.

Kuna watu ambao kusubiri kunawakondesha. Dastan kulimnenepesha. Kwao ni Rubwera, na mama yake, Kokushubira, ana duka dogo karibu na ofisi za wilaya. Mama huyo hakumruhusu kushika jembe, mikono ya daktari isije ikaota sugu. Kahawa ikiiva, wadogo zake waliingia kibanjani kuchuma na yeye alikaa kivulini kuwasimamia. Kwenye harusi aliwekwa meza ya wasomi, nyama ikaanzia kwake. Aliyekwenda chuo anaweza kurudi amefeli, au akarudi amefaulu na hana kazi, watu wakamchoka. Anayesubiri hajafeli kitu. Dastan aliligundua hilo mapema. Akili hiyo, tuseme ukweli, alikuwa nayo, na aliitumia miaka mitatu.

Mapenzi yao yakawa ya simu. Kule Kaisho mtandao ni wa kutafuta. Kembabazi alipanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi, maana akiwa chini simu yake ilikuwa inadaka mtandao wa ng'ambo ya mto na kumkaribisha nchi ambayo hajawahi kukanyaga.

"Mama ndama, yametoka?"

"Bado. Umekula?"

"Nimekula ndizi mpaka nimelegea. Wewe?"

"Nimekunywa maziwa."

"Nyie wa Kaisho mnakunywa tu. Nikikuoa nitakufundisha kutafuna."

"Nyie wa migombani mnatafuna mpaka mnasahau kazi, Dokta wangu."

Wakacheka. Ikawa hivyo kila jioni, mpaka wifi zake wakakiita kichuguu kile ofisi. Yeye alisubiri huku anabeba maji, anaosha vibuyu vya maziwa na kuwaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Dastan alisubiri huku anasubiri.

Majibu yakatoka siku ya Jumapili, watu wametoka ibadani. Ujumbe uliingia Kembabazi akiwa kichuguuni: amechaguliwa, na athibitishe kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akamwambia baba yake. Byarugaba alikwenda zizini, akauweka mkono mgongoni mwa Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, akiwaza ada ya chuo. Ndipo Kembabazi akampigia Dastan.

"Hongera, mpenzi," akasema. Kisha: "Umeshathibitisha?"

Akajibu kwamba bado, mtandao unamsumbua, atashuka Omurushaka kesho.

"Usiharakishe. Mimi hawajaniita. Unataka uende huko peke yako wakuchukue?"

"Nani anichukue?"

"Nakuja Alhamisi kujitambulisha kwa wazee. Tukishaongea ndipo uthibitishe. Au mimi si kitu kwako?"

Kembabazi akakubali. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Mabinti, mtazameni vizuri: msichana aliyefaulu kemia na baiolojia amekaa juu ya kichuguu, nafasi yake ya chuo iko mfukoni, anamngoja mwanaume aje amwambie kama aitumie.

Alhamisi Dastan akaja na bodaboda. Alivaa koti jeupe la kidaktari juu ya tai, na chini gambuti zake, leo zimetolewa karatasi. Akaamkia shikamoo kila aliyekuwa uani, akaletewa maziwa, akanywa, akayasifia. Mama yake Kembabazi alimpenda papo hapo. Akina mama nasi tuna macho mabovu kwa vijana walionyoosha shati.

Ng'ombe walipokuwa wanarudi, Byarugaba akamchukua mgeni wake mpaka mlango wa zizi. Ni heshima kubwa hiyo. Wafugaji wa huku ng'ombe hawawahesabu. Mwenyewe anawatazama wakiingia, anawaita kwa rangi zao, na anajua nani hayupo. Kuwanyooshea kidole na kutaja idadi ni kuwaitia kifo, na hata asiyeamini hathubutu kufanya hivyo mbele ya mwenye mali. Dastan alisimama mlangoni na koti lake jeupe, akanyoosha kidole, akaanza moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akaenda nao mpaka mwisho.

"Kumi na tisa," akasema. "Mzee, wewe huna shida."

Byarugaba akakitazama kile kidole. Kisha akamkaribisha mgeni chai, akafunga zizi kwa mkono wake mwenyewe. Kembabazi alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Akamfuata baba yake.

"Baba, msamehe. Kwao hawana ng'ombe, hajui."

"Daktari wa ng'ombe hajui?"

"Atasoma."

"Na wewe," mzee akamwuliza, "utasoma?"

Kembabazi alikwenda kumsindikiza mgeni.

Njiani Dastan alikuwa na furaha. Alitembea pembeni pembeni mwa njia, kwa sababu gambuti zilikuwa zimepata kinyesi kidogo na alikuwa anazifuta kwenye majani.

"Umeona mzee alivyonipenda?"

"Ulihesabu ng'ombe wake."

"Kumi na tisa, sikukosea hata mmoja." Akamshika mkono. "Kemba, tusidanganyane. Mtu mwenye ng'ombe kumi na tisa nyumbani anafuata nini chuoni? Iache Ijumaa ipite. Tuoane, mimi niwe daktari wao."

"Daktari? Wewe hata hujaitwa."

"Niliitwa."

Kembabazi akasimama.

"Mwaka wa kwanza ule waliniita," Dastan akasema. "Wakanipa siku za kuthibitisha, kama wewe hivi. Nikaziacha zikapita. Nimekufa? Watu si wananiita Dokta vile vile?"

"Kwa nini hukwenda?"

Dastan aliziangalia gambuti zake. "Kule wote ni madokta," akasema. "Mimi ningekuwa nani?"

Ni mahali kama hapo ambapo huruma inawaponza wasichana. Kembabazi nayo ilimshika. Lakini alikuwa bado anakiona kile kidole.

"Na mimi," akamwuliza, "ulinihesabu wa ngapi?"

Dastan akacheka, akidhani ni utani. Alipogeuka, Kembabazi alikuwa ameshaanza kurudi.

Usiku ule alizima simu. Asubuhi alipoiwasha jumbe za Dastan zikamiminika: mpenzi, mama ndama, nimekosa nini, pokea basi. Akapanda kichuguuni ili athibitishe, hata huko juu mtandao wa ng'ambo ukamkaribisha. Akamwambia baba yake anakwenda Omurushaka. Mzee akamwitia bodaboda yeye mwenyewe, akasimama njiani mpaka vumbi likatulia.

Omurushaka hapakuwa na umeme. Steshenari zote giza, na kwa Projest foleni imetoka mpaka nje. Projest alikuwa ameondoka kutafuta petroli ya jenereta. Kilichokuwa kinafanya kazi ni laptopu moja yenye chaji ndogo, na aliyekaa mbele yake, anawasaidia watu mmoja mmoja, ni Dastan. Nani mwingine? Hakuna aliyezijua kurasa zile kama yeye. Alikuwa amezikariri zote, hadi ile asiyotaka kuibonyeza.

Kembabazi angeweza kugeuka. Chaji ilikuwa inakwisha na siku ilikuwa inakwisha. Akapanga foleni.

Zamu yake ilipofika Dastan akainua macho. Leo shati halikupigwa pasi. Gambuti zilikuwa chini ya meza, kinyesi cha zizi la Byarugaba kimekaukia juu yake, hakuzifuta tena.

"Shida yako, dada?" akauliza, kama anaongea na mteja tu.

"Kuthibitisha."

Akafungua ukurasa upesi. Kembabazi akamsomea namba yake ya mtihani, kisha ile namba ya siri iliyokuja kwenye simu, na Dastan akaandika bila kukosea. Zikatokea sehemu mbili kwenye kioo, pa kukubali na pa kukataa. Kidole cha Dastan kikainuka, kikabaki hewani. Mama mmoja kwenye foleni akasonya. Ingemtosha kukosea kidogo, au kungoja tu laptopu izimike, na nani angemlaumu? Umeme wa Omurushaka ungebeba lawama zote.

"Dastan," Kembabazi akasema polepole. "Kidole hicho nakijua."

Hakumtazama. Akabonyeza. Kisha akaigeuza laptopu ili asome mwenyewe, na Kembabazi akasoma mpaka nukta ya mwisho: amekubali nafasi yake, karibu chuoni. Tumtendee haki kijana wa watu. Katika miaka yote ile, hilo ndilo jambo alilolianza akalimaliza.

Kembabazi alikuwa ameshafika kwenye bodaboda aliposikia anaitwa. Dastan alikuja anakimbia na viatu vyake vilivyochongoka, gambuti mkononi, amezipangusa kwa jani la mgomba.

"Chukua. Utazihitaji huko."

"Ni kubwa."

"Vaa soksi mbili."

Akazipokea. Gambuti hazikuwa na kosa lolote.

"Kemba," Dastan akasema mbele ya wapiga debe wote. "Na mimi naomba upya. Safari hii kweli. Wakiniita nakuja huko huko, na ukimaliza nakuoa, kwa wazee, kanisani, kwa kila kitu. Sema ndiyo, mpenzi wangu. Neno moja tu."

Msidhani Kembabazi alikuwa hampendi. Alikuwa anampenda, hata shati lile lenye makunyanzi alilipenda kuliko yote yaliyonyooshwa, na ndiyo sababu ya kuwasimulia haya. Angekuwa hampendi pasingekuwa na la kuonya. Akapanda bodaboda, akaziweka gambuti mapajani, akamshika Dastan shavu kidogo, kama mtu anayempangusa mtoto.

"Ombi lako limepokelewa," akamwambia. "Subiri majibu."

Bodaboda ikaondoka kuelekea Kaisho.

Vijana pale mlangoni walikuwa wanamsikiliza. Mmoja akamwuliza vipi, Dokta, mtoto kasemaje. Dastan akajikung'uta vumbi, akashusha mikono ya shati akafunga vifungo vyake, akarudi ndani.

"Nasubiri majibu," akasema.

Wakampisha kwenye benchi, akakaa.